Namba ya Mwisho

Mjini Colón, mwaka ule wa barakoa,
serikali ililikata juma kama mkate:
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, wanawake watoke;
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, wanaume;
Jumapili, kila mtu na kuta zake.
Na si siku tu, saa pia.
Tazama namba ya mwisho ya kitambulisho chako:
ya mama nne,
ya bibi Edelmira saba,
ya baba, ambaye moyoni nilishaanza kumwita Rigoberto,
tisa.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, sina namba.
Nilikuwa mtunza hesabu.

Redio ikasema: kaeni ndani, ndani ndiko salama.
Bibi akaigeuzia ukutani
kama picha ya mtu aliyemkosea.

Zamani alishinda bandarini, kwenye makontena,
na hasira yake ilitufikia jioni, imechoka, vipande vipande.
Bandari ilipomrudisha nyumbani bila mshahara
tukaipata nzima.

Jumatano saa kumi mama alikwenda kununua nyama
na barakoa ya maua ya njano, mshono wa bibi,
pana, hadi chini ya macho.
Muuzaji alikisifu kitambaa.
Mama alishukuru kwa mdomo uliopasuka,
nyuma ya maua.

Jumapili sitaisimulia.
Nitasema tu kwamba bibi alipika wali
kwa sufuria kubwa kupita idadi yetu,
apate sababu ya kusimama pale jikoni,
kati ya mlango na mwanawe,
mwiko mkononi.
"Nakoroga," alisema.
Wali haukorogwi.

Jumanne na Alhamisi, saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu,
Rigoberto alikuwa kwenye foleni
nasi tulikuwa na nyumba.
Mama alifungua madirisha, akanisuka.
Siku moja alicheka, kasuku wa jirani alipoiga king'ora cha polisi,
kisha akajishika mbavu.

Lakini tazama mtego ulivyotegwa:
saa ambayo mlango haukuwa na mlinzi
ndiyo saa ambayo barabara ilikuwa naye.
Nililihesabu juma mbele na nyuma, kwa penseli,
nyuma ya risiti ya gesi.
Haikuwepo saa hata moja
ya sisi watatu kutoka pamoja.

Tukatoka Alhamisi.

Bibi alibeba mfuko wa mchele, na chini ya mchele vyeti vya kuzaliwa.
Mama alibeba pasi ya umeme. Hadi leo hajui kwa nini.
Mimi nilifunga mlango, nikaufungua tena,
nikaenda kuzima jiko.

Kona ya tatu, askari, kijana, jasho shingoni.
"Vitambulisho."
Akasoma namba. Akasoma nyingine.
"Leo si siku yenu, bibie."
Bibi hakulia wala hakuomba.
Alimvua mama barakoa, sikio moja, kisha la pili,
polepole, kama anayefunua chakula cha mgonjwa.

Gari likapita. Mbwa akapita.
Askari akatazama saa yake muda mrefu,
muda mrefu kuliko saa inavyohitaji.
"Leo Ijumaa," akasema.
Akaturudishia namba zetu.
"Ijumaa. Piteni upande wa kivuli."

Shangazi Eneida alitumwagia maji ya klorini miguuni
kabla ya salamu,
akalia baada yake.
Simu ya mama iliita mara arobaini na moja. Nilihesabu.
Kisha nikaacha kuhesabu, au nililala.

Niliamka na harufu ya kitambaa cha moto.
Mama alikuwa ameipata kazi ya pasi yake:
anayanyoosha maua ya njano, mbele, nyuma,
mdomo wazi, nje, mbele ya watu.

Na bibi alipika wali kwenye sufuria ndogo.
Akaufunika.
Akaenda kuketi.